Nati Nne za Goli la Kaskazini

Jumamosi, 9 Novemba

Tumepigwa tena. Arobaini na moja kwa tatu. Ni mechi ya tisa tangu msimu uanze na bado hatujui ushindi unafananaje. Chuo cha Platte Bend kina wanafunzi elfu sita, na Kocha Brandt ameshindwa kupata kumi na mmoja wanaoweza kushika mpira huu wa Kimarekani, wa kukimbia nao mikononi, bila kuudondosha.

Hizo alama tatu zilitokana na teke lililopita katikati ya nguzo za goli, teke la Colby, mtoto wa dada yangu Marvene. Baba yake, shemeji Delmar Sobotka, alishangilia utadhani tumechukua ubingwa. Alizunguka maegesho yote na kopo la bia, akimwambia kila aliyekuwa akichoma soseji nyuma ya gari lake, "Mmeuona mguu ule? Mguu wa kwetu ule." Kwenu wapi? Mguu ule ni wa kina Kucera, upande wetu. Kina Sobotka wote wana nyayo bapa.

Wakati tunazima jiko akanikaribisha kwake nikaguse chuma. Kila anayeingia sebuleni kwa Delmar lazima aguse chuma. Ni kipande cha bomba la njano, urefu wa mkono, kimetundikwa juu ya televisheni. Mwaka 1991, siku tulipowafunga Nyati wa Hadley, wanafunzi waliingia uwanjani, wakaling'oa goli, wakalibeba mabegani hadi darajani kwenye mto Platte, wakalikatakata na kugawana. Ndiyo desturi yetu, ushindi mkubwa goli linang'oka. Delmar alipata kipande chake. Mimi sikupata.

Mji mzima unaamini nami nilikuwepo. Mke wangu Arlys peke yake ndiye anayejua kwamba zikiwa zimebaki dakika sita, nimeshakata tamaa, nilitoka kuiwahi foleni ya magari. Ushindi niliusikia redioni, nimekwama nyuma ya lori la nguruwe. Miaka thelathini na tatu sasa, na ile harufu haijanitoka puani.

Jumapili, 10 Novemba

Wazo limenijia kanisani, mchungaji akiwa katikati ya habari za uvumilivu.

Tumebakiza mechi moja ya nyumbani, tarehe 23, na wanaokuja ni wale wale Hadley. Mwaka huu nao ni wabovu. Wameshinda moja tu, na hiyo waliokota. Kwa hiyo tunaweza kushinda! Na tukishinda goli litang'oka. Na fundi wa uwanja, mwenye funguo zote na sanduku zima la spana, ni nani? Ni mimi, Leland Kucera.

Nikacheka peke yangu. Arlys akanifinya paja. Mchungaji akanitazama kwa upendo, akidhani neno limenigusa.

Alhamisi, 14 Novemba

Kila Alhamisi kocha hukaa redioni kujibu simu za mashabiki. Mimi hupiga kila wiki, kwa miaka saba sasa, kwa jina la Norbert wa Ogallala. Norbert ana sauti nzito na hana simile.

Leo Norbert alimwambia kocha amtoe yule mpiga mateke, kijana Sobotka, kwa sababu mguu wake unatetemeka. Ninajua hautetemeki. Lakini jana Delmar aliniuliza, mbele za watu, kama mimi nikiwa kijana niliwahi hata kuitwa kwenye majaribio ya timu. Sasa amelipwa.

Kocha alijibu kwa upole kwamba anamwamini kijana wake. Alimshukuru Norbert kwa kutochoka. Nilikata simu nikijisikia mrefu.

Jumatatu, 18 Novemba

Bi. Pruitt, mkuu wangu wa kazi, ameniagiza nipake grisi magoli yote mawili ili wanafunzi wasiweze kupanda na kuyang'oa Jumamosi. Nikamuuliza tunamzuia nani, timu haijashinda hata mechi moja. Akasema bima hawaulizi timu imeshinda ngapi, wanauliza goli limepakwa grisi au halijapakwa.

Nimepaka. Nikiwa juu ya ngazi nimepakaa hadi kwenye viwiko, niliwaona wanafunzi wanapita chini. Nikawaangalia vizuri. Jamani. Mikono ya kushikia simu tu. Sisi wa zamani tulikuwa tumelelewa kwa kubeba majani ya ng'ombe. Hawa hawawezi kung'oa hata karoti, sembuse goli lenye grisi.

Lakini wakisaidiwa wataweza. Goli letu lina mguu mmoja mnene uliopinda kama shingo ya korongo, na ndiyo sababu timu yetu inaitwa Korongo, au labda ni kinyume chake. Juu ya mguu kuna mtambaa, na kwenye mtambaa zimesimama pembe mbili ndefu. Chini kabisa ni bamba la chuma lenye nati nne. Nati nne ndizo zinazonitenganisha na heshima yangu.

Ijumaa, 22 Novemba

Imekwisha. Nimechagua goli la kaskazini, lililo karibu na jukwaa la wanafunzi. Nilikusudia kulegeza nati mbili. Ya pili ilipotoka vizuri nikaona kazi ya nusunusu si desturi ya kina Kucera, nikalegeza zote nne, zikabaki za kushikwa na vidole tu.

Nikalisukuma goli kidogo kulijaribu. Likaitikia kwa kichwa.

Nyumbani Arlys aliuliza suruali imeingiaje grisi nyingi hivyo. Nikamjibu ni mafuta ya soseji. Akasema soseji gani, umetoka na mkate wa jibini. Huyu mwanamke angekuwa polisi tungekuwa na mji safi sana.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimeketi jikoni, naandika polepole. Nataka kila kitu kikae sawa.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Arlys alipika sufuria kubwa ya nyama na maharage yenye pilipili, pamoja na mikate ya mdalasini ya kuchovyea. Niliwagawia hata watu wa Hadley. Nilimpa Wendell, mlinzi wa mlango wa kaskazini, mikate mitatu, kwa sababu baadaye ningehitaji asinione. Msumeno wa chuma nilikuwa nimeuficha ndani ya mguu wa suruali, umefungwa kwa mkanda. Kuketi ilikuwa taabu. Delmar akaniuliza goti limefanya nini. Nikasema baridi. Akaniambia, "Pole shemeji, uzee huo."

Tukacheza vizuri! Sijui ilikuwaje. Hadley wakidondosha, sisi tunaokota. Colby akafunga mateke mawili upande wa kusini. Watu ambao tangu Septemba walikuwa wanakuja kwa ajili ya soseji tu wakaanza kusimama. Mzee mmoja mbele yangu alikuwa analia kabla hata mechi haijaisha.

Saa tisa upepo ukaanza kutoka kaskazini-magharibi.

Zikabaki sekunde tatu. Hadley kumi na tisa, sisi kumi na saba. Mpira ni wetu, tuko karibu, teke moja la kupita katikati ya pembe na tumeshinda kwa alama moja. Colby akaingia uwanjani anakimbia taratibu. Nikatazama wanaelekea wapi. Kaskazini.

Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa jambo moja, kwamba goli lina kazi nyingine zaidi ya kung'olewa.

Nikainuka. Nikashuka ngazi za jukwaa mguu mmoja haukunjiki, msumeno ukinikwangua, nikipiga kelele wasubiri, wasubiri kwanza. Nilitaka nikalikumbatie lile goli kwa mikono yangu liwe wima dakika moja tu. Wendell akanidaka mlangoni. Aliniambia kwa huruma, makombo ya mkate wangu yakiwa bado ndevuni mwake, "Bwana Leland, bado hatujashinda. Tukishinda nitakuachia wewe wa kwanza."

Colby akapiga. Teke lilikuwa zuri, mpira ukaenda katikati kabisa. Upepo ukavuma. Goli likageuza shingo, polepole, kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemfahamu. Mpira ukagonga pembe ya kulia, ukalia kama kengele, ukarudi ulikotoka.

Tumefungwa kumi na tisa kwa kumi na saba. Colby alipiga magoti pale pale. Delmar alivua kofia akaitazama kwa ndani, muda mrefu.

Ni kosa la kocha. Kocha mwenye akili angechagua kumalizia upande wa kusini.

Jumapili, 24 Novemba

Bi. Pruitt kapiga simu. Goli la kaskazini limeinama, ni hatari, niling'oe nilipeleke kwa wauza vyuma chakavu. Nikamwambia nitalishughulikia mwenyewe.

Nililing'oa peke yangu kwa robo saa. Msumeno ulifanya kazi yake hatimaye. Nikavileta vipande vyote nyumbani kwenye tela. Arlys akatoka, akavitazama, akanitazama mimi, akarudi ndani. Afadhali angesema.

Kwa hiyo ninalo. Wenzangu walipata kipande cha urefu wa mkono, mimi nina goli zima, liko gereji nyuma ya friji la nyama, limefunikwa turubai. Na hakuna binadamu ninayeweza kumwonyesha. Nimekwenda kulitazama mara nne leo. Mara ya tatu nililigusa. Sikuhisi chochote.

Alhamisi, 28 Novemba. Sikukuu ya Shukrani

Tumekula kwa Delmar na Marvene. Batamzinga, viazi vya kuponda, pai la maboga. Tulipoingia tuligusa chuma kama kawaida. Nikashangaa kidogo. Mguu wa goli lililo gereji ni mnene kama paja langu, na hata pembe zake ni nene kuliko kifundo cha mguu. Chuma cha Delmar kinaenea kiganjani. Nikajisemea labda magoli ya zamani yalikuwa membamba, kama sisi wenyewe.

Colby hakula. Alikaa mbele ya sahani yake akiisukuma nyama huku na huku. Wiki nzima redioni watu wamemtukana, na mmoja aliyesikika akisema mguu wake unatetemeka alikuwa anamnukuu Norbert. Marvene alijaribu kumpa pai. Akasema ameshiba, ilhali hajala.

Kisha akaniambia, taratibu, "Mjomba, lile goli lilisogea. Nililiona."

Delmar akamwambia mwanamume hasingizii nguzo. Mimi ningeweza kusema hapo hapo. Badala yake nikamwambia kila mpigaji aliyekosa huona goli limesogea. Akaitika, "Sawa, mjomba." Baada ya chakula akatutangazia kuwa anaacha mpira.

Nimeona aibu, na nimeiona kwelikweli. Nilikula pai vipande vitatu na havikunisaidia.

Jumatatu, 2 Desemba

Alhamisi ilikuwa sikukuu, kwa hiyo kipindi cha kocha redioni kimesogezwa hadi leo, nacho ni cha mwisho mpaka mwakani. Nikaona njia. Mimi siwezi kusema, lakini Norbert anaweza.

Nikapiga. Kwa sauti nzito Norbert akasema kijana Sobotka aombwe radhi na mji mzima, teke lake lilikuwa safi, goli ndilo lililogeuka, kwa sababu nati zote nne zilikuwa zimelegea.

Mtangazaji akauliza Norbert wa Ogallala anajuaje kuwa nati ni nne. Norbert akasema ana macho. Mtangazaji akauliza anajuaje zimelegea. Norbert akasema ana macho mazuri sana.

Hapo Kocha Brandt akaingilia, mpole kama siku zote. "Leland," akasema, "asante kwa kutuambia. Nisalimie Arlys."

Kumbe wanajua! Miaka saba wanajua. Arlys anasema mji mzima unajua, na kwamba kuna watu hufungua redio kwa ajili ya Norbert tu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ilikuwa saa moja kwa wiki ambayo nilikuwa na furaha.

Jumanne, 3 Desemba

Delmar alikuja asubuhi. Redio aliisikia, na lilipo goli Arlys alikuwa amemwambia Marvene; hakubisha hodi. Alisimama uani akasema, "Shemeji, fungua gereji."

Nikafungua. Akavuta turubai mwenyewe. Alilitazama lile goli, akanitazama mimi, uso umemwiva. Akaanza. Kwamba mwanawe hali. Kwamba mwanawe halali. Kwamba nimeuza mguu wa mtoto wa dada yangu kwa ajili ya bomba. Kwamba yeye Delmar angekuwa mtu mwingine ningekuwa nimelala chini sasa hivi. Yote yalikuwa kweli, na kwa kuwa yalikuwa kweli nilikasirika, nikatafuta la kumrudishia. Nikachukua kipande cha pembe nikamwekea mkononi. Nikamwambia ashike vizuri, aone goli la kweli lina unene gani, kisha anieleze kile cha kwake juu ya televisheni ni cha goli gani.

Delmar akakaa juu ya friji la nyama. Akakizungushazungusha kile kipande.

Halafu akasema kwamba siku ile ya 1991 hakuwa uwanjani. Alikuwepo mwanzoni, lakini alikata tamaa zikiwa zimebaki dakika saba, na alikuwa na mzigo wa baba yake wa kufikisha mnadani, akatoka kuiwahi foleni. Ushindi aliusikia redioni. Aliona aibu kurudi mikono mitupu. Akang'oa bomba moja la ubavuni mwa gari, akalipaka rangi ya njano.

Nikamuuliza mzigo gani. Nilijua kabla hajajibu.

"Nguruwe," akasema.

Miaka thelathini na tatu! Kila Krismasi, kila Sikukuu ya Shukrani, kila siku ya kuzaliwa ya dada yangu, nimeingia kwa heshima nikagusa ubavu wa lile lile lori. Nikamwambia nani alikuwa nyuma yake kwenye ile foleni. Akanitumbulia macho. Tulicheka mpaka Arlys akaja kuangalia ni nani anayekufa.

Tulipotulia tukaenda kwa Colby pamoja. Nikamweleza kila kitu, hata msumeno. Aliniuliza swali moja tu. "Kwa hiyo lilikuwa zuri, mjomba?" Nikamwambia lilikuwa katikati kabisa, zuri kuliko teke lolote nililowahi kuona. Akalia kidogo, akala pai lote lililobaki. Anarudi kwenye timu. Kanipa sharti, mwakani kila Alhamisi Norbert apige simu kumsifu. Nimekubali. Nitamtafutia Norbert sauti nyororo zaidi.

Mwanamume anafika miaka hamsini na tatu, hatimaye anapata somo. Nimejifunza mengi mwezi huu. Nitayaandika kesho.

Ijumaa, 6 Desemba

Sikupata nafasi ya kuyaandika yale niliyojifunza. Kumetokea mambo.

Bi. Pruitt aliniita ofisini. Nilivaa tai, nikijua nafukuzwa. Akasema amesikia redio, na ofisi inataka ripoti kamili kuhusu nati zilizolegea. Akasema pia kwamba chuoni hakuna anayeyafahamu magoli isipokuwa mimi, kwa hiyo ripoti niandike mimi. Nikaandika: uchakavu. Akasaini. Ameunda kamati ya usalama wa magoli, na mwenyekiti wake ni mimi.

Goli jipya litaletwa mwezi Machi. Nimeshaona mchoro wake. Lina nati sita.

Nilimpa Delmar kipande cha lile la gereji, kizuri, nimekisugua grisi yote. Akakikataa. Anasema chuma cha siku ya kufungwa ni chuma chakavu tu, na kwamba bomba la nguruwe angalau lilikuwa barabarani siku ya ushindi. Kaondoka. Baada ya dakika kumi kapiga simu, sauti ya chini, akauliza zile nati mpya ni za spana namba ngapi.

Nimemwambia awe na subira, tutakwenda pamoja, na safari hii kwa akili. Hadley watakuja tena Oktoba. Hatutalegeza nati zote kama mtu asiyejua kazi. Tutalegeza mbili tu, na tutazilegeza kwenye magoli yote mawili, ili upepo ukivuma pasiwe na upendeleo.